Maji kwa Mtoto Mahututi: Jaribio la FEAST na Historia ya Ushahidi katika Tiba ya Wagonjwa Mahututi

Utangulizi

Historia ya tiba ya wagonjwa mahututi huandikwa, mara nyingi, kama historia ya chumba. Chumba hicho kina vitanda vichache, mashine za kupumulia, vioo vinavyoonyesha mapigo ya moyo, na muuguzi asiyeondoka kando ya kitanda. Masimulizi huanzia Copenhagen mwaka 1952, hupita katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, na hufika Afrika mwishoni kabisa, kama shehena iliyochelewa bandarini. Katika masimulizi ya namna hiyo, hospitali ya wilaya ya Afrika Mashariki hujulikana kwa kile isichokuwa nacho.

Insha hii inafuata njia nyingine. Inachunguza jaribio moja la kitabibu, lijulikanalo kwa jina la FEAST, lililofanyika kati ya Januari 2009 na Januari 2011 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Hakuna hata moja kati ya hospitali hizo iliyoweza kumpa mtoto wa jaribio mashine ya kupumulia. Hata hivyo, swali lililoulizwa humo lilikuwa ndilo la msingi zaidi katika tiba nzima ya wagonjwa mahututi: je, mgonjwa ambaye damu yake haizunguki vizuri kwa sababu ya maambukizi makali apewe maji mengi, kwa haraka, kupitia mshipa? Jibu lililopatikana lilikuwa kinyume cha kile kilichokuwa kikifundishwa kwa takriban miaka ishirini.

Hoja kuu inahusu kilichotokea baada ya jibu hilo kuchapishwa. Matokeo ya hospitali moja ya Detroit au Washington yalisafiri duniani kama ukweli kuhusu mwili wa binadamu. Matokeo ya Kilifi, Muheza na Mbale yalisafiri kama habari kuhusu mahali. Tofauti hiyo ina historia yake, na imeacha alama inayosomeka hadi leo katika miongozo ya tiba ya watoto.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya zimezoea kuutaja uwanja huu kwa aina ya huduma inayotolewa, na huduma hiyo kwa chumba inamotolewa. Kiswahili kinataja hali ya mtu. Tunaposema mzee fulani yu mahututi, hatujasema amelazwa wapi. Huenda yuko nyumbani kwake juu ya kitanda cha kamba. Chumba cha wagonjwa mahututi kimepata jina kutokana na wagonjwa, wala si wagonjwa kutokana na chumba. Insha hii inashikilia maana hiyo, kwa kuwa bila yake sehemu kubwa ya historia inayosimuliwa hapa ingekuwa nje ya uwanja wake.

Copenhagen, na kile kilichosahauliwa

Katika kiangazi cha mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko wa polio. Wagonjwa wengi walioletwa katika Hospitali ya Blegdam walikuwa wamepooza misuli ya kupumulia na ya kumezea. Hospitali ilikuwa na mashine moja kubwa ya chuma ya kumfunika mgonjwa mwili mzima isipokuwa kichwa, na nyingine sita ndogo za kufunika kifua. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliotibiwa kwa mashine hizo, 27 walifariki ndani ya siku tatu. Mwishoni mwa Agosti, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliitwa kutoa ushauri. Alipendekeza koo la mgonjwa litobolewe, bomba lipitishwe, na hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, kama ilivyofanyika wakati wa upasuaji. Mgonjwa wa kwanza, msichana wa miaka 12, alinusurika.

Kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu za kubana mifuko hiyo usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Vifo vilipungua sana. Desemba 1953, Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo wodi ambayo wanahistoria wengi huitaja kuwa ya kwanza ya aina yake.

Mambo mawili ya tukio hilo hupitwa haraka na wasimulizi. La kwanza ni kwamba tiba hii ilizaliwa katika uhaba. Kilichookoa wagonjwa ni mikono ya vijana, pamoja na uamuzi wa kukusanya wagonjwa na waangalizi mahali pamoja. Mashine za umeme zilifuata. La pili ni kwamba haikupimwa kwa jaribio lolote lenye makundi mawili. Haikuhitaji kupimwa hivyo, maana tofauti ilikuwa kubwa mno kiasi cha kuonekana kwa macho. Ushindi huo, hata hivyo, uliwarithisha madaktari wa baadaye tabia fulani ya fikra: kurekebisha kile kinachoonekana kupungua mwilini, na kuamini kwamba nafuu inayoonekana kando ya kitanda ndiyo nafuu yenyewe. Hewa ikipungua, ongeza hewa. Sukari ikipanda, ishushe. Msukumo wa damu ukishuka, jaza mishipa.

Kwa miaka mingi tabia hiyo haikupata mpinzani mkubwa. Majaribio makubwa yalipoanza kufanyika, yaliitikisa mara kwa mara. Mwaka 2000, jaribio la Marekani lenye wagonjwa 861 lilionyesha kwamba kusukuma hewa kidogo katika mapafu yaliyoharibika kunaua wachache kuliko kusukuma hewa ya kiasi kilichozoeleka: asilimia 31.0 dhidi ya 39.8. Mwaka 2009, jaribio la NICE-SUGAR lenye wagonjwa zaidi ya 6,000 lilionyesha kwamba kuibana sukari ya damu hadi kiwango cha mtu mzima wa afya kunaongeza vifo, ingawa utafiti wa Leuven wa mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kinyume. FEAST ni wa ukoo huu. Haikuwa ajabu ya kitropiki.

Kanuni ya maji

Matumizi ya maji ya chumvi kupitia mshipa ni ya zamani kuliko chumba chenyewe. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu nchini Uskoti, daktari Thomas Latta wa Leith aliwaingizia wagonjwa waliokauka maji yenye chumvi, na baadhi yao wakarudi kutoka mlangoni mwa kaburi. Mantiki yake ilikuwa wazi: mgonjwa wa kipindupindu amepoteza maji, basi arudishiwe. Mantiki hiyo ingali sahihi, na hakuna utafiti unaojadiliwa hapa unaoipinga. Ni muhimu kulisema hili mapema, kwa sababu FEAST iliwaacha nje makusudi watoto wenye kuharisha na wale wenye utapiamlo mkali.

Tatizo lilianza pale mantiki ya kipindupindu ilipohamishiwa katika maambukizi makali ya damu, ambako mgonjwa hajapoteza maji mengi, bali mishipa imelegea, moyo umechoka na damu haifiki inakotakiwa. Kwa watoto, ushahidi uliotajwa zaidi kuliko mwingine wowote ulitoka katika hospitali moja ya watoto mjini Washington na kuchapishwa mwaka 1991. Ulihusu watoto 34. Waliopata zaidi ya mililita 40 za maji kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza walikuwa tisa, na wanane kati yao walinusurika. Katika makundi mawili yaliyopata kiasi kidogo zaidi, walionusurika walikuwa sita kati ya 14 na wanne kati ya 11. Hakuna kura iliyopigwa kuamua nani apewe kiasi gani. Watafiti walitazama tu yaliyotokea. Msomaji asiye daktari anaweza kuhesabu mwenyewe: kanuni iliyokuja kufundishwa katika vyuo vya tiba vya mabara yote ilisimama, kwa sehemu kubwa, juu ya watoto tisa.

Kwa watu wazima, msukumo mkubwa ulitoka Detroit mwaka 2001. Emanuel Rivers na wenzake, katika hospitali moja, waliwagawa wagonjwa 263 kwa nasibu. Waliotibiwa kwa utaratibu mkali wa saa sita za mwanzo, ambao ulijumuisha maji mengi, walifariki asilimia 30.5, ikilinganishwa na asilimia 46.5 katika kundi jingine. Utaratibu huo ukaingia katika miongozo ya kimataifa haraka. Ulikuja kujaribiwa upya katika majaribio matatu makubwa ya Marekani, Australia na nchi jirani, na Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2015, na hakuna hata moja lililoona faida yake juu ya tiba ya kawaida. Lakini hapo miaka kumi na mitatu ilikuwa imekwisha pita, na katika muda wote huo ni wachache mno waliosema kwamba matokeo ya Detroit yanaihusu Detroit.

Hospitali sita

Hospitali zilizoshiriki zilikuwa Kilifi nchini Kenya. Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Na Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya hospitali teule: ni ile iliyoanzishwa na kanisa na baadaye kuteuliwa na serikali kutoa huduma za wilaya. Muheza ni wilaya ya mashamba na malaria. Wodi ya watoto ya hospitali ya namna hiyo, msimu wa mvua, hupokea watoto wenye homa kali, wanaopumua kwa shida, wasioweza kukaa wala kunyonya, na wengi wao hufika wakiwa wamekwisha chelewa.

Katika hospitali kama hizi, kabla ya jaribio, maji mengi ya haraka yalitolewa kwa nadra. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliyahifadhi kwa watoto wenye dalili zote tatu za mshtuko mkali: mikono ya baridi, ukucha unaochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi baada ya kubonyezwa, na mapigo dhaifu ya haraka. Miongozo ya Marekani iliruhusu mililita 60 kwa kilo na zaidi. Hivyo ilionekana kwamba hapa kuna pengo. Watoto wa Kiafrika walikuwa wakinyimwa tiba ya bei nafuu, isiyohitaji mashine, ambayo wenzao wa Washington waliipata katika saa ya kwanza. Kathryn Maitland, aliyekuwa amefanya utafiti Kilifi kwa miaka mingi, pamoja na Sarah Kiguli wa Makerere, George Mtove wa Muheza, Peter Olupot-Olupot wa Mbale na wenzao, walikusudia kulipima pengo hilo. Watafiti wengi, kwa kadiri maandishi yao yanavyoonyesha, walitarajia kuona kwamba maji yanaokoa.

Watoto walioandikishwa walikuwa na umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali pamoja na fahamu zilizopungua au shida ya kupumua, na angalau dalili moja ya damu kutozunguka vizuri. Waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo. La tatu, kundi linganishi, halikupewa maji ya haraka. Lilipewa maji ya kawaida ya kumtunza mtoto asiyeweza kunywa. Makundi yote yalipata dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni na damu kwa waliohitaji. Fedha zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Jambo hili lisifichwe na mwanahistoria mwenye hamu ya kulifanya jaribio hili kuwa la Kiafrika tupu: wagonjwa, wauguzi na madaktari wengi walikuwa wa hapa, bali fedha, ofisi ya takwimu na jarida lililochapisha matokeo vilikuwa ng'ambo.

Suala la ridhaa lilihitaji utaratibu wa pekee. Mtoto mahututi hawezi kusubiri mama yake asomewe kurasa kadhaa za maelezo. Kamati za maadili ziliruhusu, pale hali ilipokuwa ya dharura, mzazi aombwe kwanza kibali kifupi cha mdomo, kisha aelezwe kwa kirefu na kuombwa ridhaa ya maandishi baada ya mtoto kutulia. Utaratibu huo umejadiliwa sana na wanafalsafa wa maadili. Kwa maoni yangu, swali zito zaidi kuliko la saini ni lile la matarajio. Katika Kiswahili cha kila siku, "kuwekewa maji" au "kutundikiwa dripu" ni karibu sawa na kutibiwa. Ndugu wanaosubiri nje huulizana kama mgonjwa ametundikiwa dripu, na wakijibiwa ndiyo, hushusha pumzi. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake yumo katika kundi lisilopata maji ya haraka alikuwa na kila sababu ya kuhisi kwamba ameangukia upande wa hasara.

Mpango ulikuwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikizifuatilia takwimu ilishauri uandikishaji usitishwe. Wakati huo watoto 3,141 walikuwa wamekwisha gawanywa katika makundi matatu. Ndani ya saa 48, walikuwa wamefariki 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini (asilimia 10.6), 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi (asilimia 10.5), na 76 kati ya 1,044 wa kundi linganishi (asilimia 7.3). Kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walikufa. Baada ya wiki nne pengo lilikuwa palepale: asilimia 12.2, 12.0 na 8.7.

Nafuu iliyoonekana

Uchambuzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2013, ndio unaomgusa zaidi mwanahistoria wa fikra za kitabibu. Watafiti walirudi kutazama watoto walikuwaje saa moja baada ya kuanza tiba, na jinsi kila aliyefariki alivyofariki. Ilidhaniwa kwamba maji yaliwazamisha watoto: kwamba yalijaa mapafuni au kuvimbisha ubongo. Sivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa. Vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mishipa kushindwa kazi, asilimia 4.6 katika makundi ya maji dhidi ya 2.6 katika kundi linganishi. Tena, saa moja baada ya kuanza, dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji, dhidi ya asilimia 32 ya wasiopewa.

Yaani daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono ikipata joto na mapigo yakipata nguvu. Aliona tiba ikifanya kazi. Kati ya watoto aliowaona wakipata nafuu, baadhi walikufa baadaye usiku huo, na hakuwa na njia yoyote ya kujua, kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwamba vifo hivyo vina uhusiano na maji. Uzoefu wa miaka ishirini wa daktari hodari usingeweza kugundua tofauti ya watoto watatu katika mia. Ndiyo maana hoja iliyotolewa na baadhi ya wakosoaji, kwamba wao wameyaona maji yakiokoa watoto kwa macho yao, haina uzito ambao wenyewe waliupa. Katika Copenhagen macho yalitosha. Hapa hayakutosha, na hilo si kosa la mtu yeyote.

Mapokezi

Matokeo yalichapishwa Mei 2011 katika New England Journal of Medicine. Tahariri iliyoambatana nayo, ya John Myburgh wa Australia, ilitaka misingi ya utoaji maji ipimwe upya. Lakini barua na makala nyingi zilizofuata zilikuwa na sauti nyingine. Ilisemwa kwamba watoto hawa hawakuwa na mshtuko wa kweli, kwa kuwa vigezo vya kuingia vilikuwa vyepesi. Ilisemwa kwamba wengi, asilimia 57, walikuwa na malaria, na takriban theluthi moja walikuwa na upungufu mkali sana wa damu, hivyo si watoto wanaofanana na wa Ulaya. Ilisemwa, hasa, kwamba hapakuwa na mashine za kupumulia. Kama zingekuwapo, madhara ya maji yangedhibitiwa.

Pingamizi hizi si za kupuuzwa, na jaribio lenyewe lilitoa vifaa vya kuzijibu. Madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo, kwa wenye upungufu wa damu na wasio nao. Watoto waliokuwa na dalili zote tatu za mshtuko mkali walikuwa 65 tu, idadi ndogo isiyoruhusu hitimisho zito, lakini hata kati yao waliopewa maji walifariki asilimia 48 na wasiopewa asilimia 20. Pingamizi la mashine ndilo gumu zaidi kulijibu kwa takwimu hizi, maana hapakuwa na kundi lenye mashine. Ila likichunguzwa vizuri, linadhania kwamba madhara yalikuwa ya mapafu, ilhali uchambuzi wa 2013 ulielekeza kidole kwenye moyo na mishipa.

Kinachostahili kuangaliwa ni mizani iliyotumika. Watoto 34 wa Washington hawakuulizwa kama wanafanana na watoto wa Soroti kabla ya kanuni yao kupelekwa Soroti. Wagonjwa 263 wa Detroit, wa hospitali moja katika mji wenye umaskini na maradhi yake ya pekee, walichukuliwa kuwa wawakilishi wa wanadamu. Watoto 3,141 wa nchi tatu, katika jaribio lililogawanya kwa nasibu, ndio waliotakiwa kuthibitisha kwamba miili yao ni miili ya kawaida. Mtu anaweza kuiita tahadhari ya kisayansi. Tahadhari, lakini, ingepaswa kufanya kazi pande zote mbili.

Hata Shirika la Afya Duniani lilisita. Toleo la pili la kitabu chake cha mfukoni cha tiba ya watoto hospitalini, la mwaka 2013, kilichotumiwa na matabibu wa wilaya katika nchi zetu, liliendelea kupendekeza maji ya haraka kwa watoto wenye mshtuko. Januari 2014 Kiguli na wenzake waliandika katika jarida la BMJ kulalamikia kwamba data za FEAST zimeachwa nje ya mwongozo uliokusudiwa watoto walewale waliozitoa. Ilipofika 2016 mwongozo ulirekebishwa: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu wa damu asipewe maji ya haraka, na mwenye dalili zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, polepole, kwa dakika 30 hadi 60. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu matokeo kuchapishwa.

Mwaka 2017 ulitoka ushahidi mwingine kutoka kusini kidogo. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Lusaka, watu wazima 212 wenye maambukizi makali na msukumo wa chini wa damu, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waligawanywa kwa nasibu. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kutoa maji mapema, pamoja na dawa za kupandisha msukumo wa damu na damu yenyewe, walifariki hospitalini asilimia 48.1, waliopata tiba ya kawaida, asilimia 33.0. Zambia ilirudia, kwa watu wazima, kile ambacho Afrika Mashariki ilikuwa imekiona kwa watoto. Na mjadala uliofuata ulirudia pia: je, matokeo haya yanahusu maji, au yanahusu Lusaka?

Majaribio ya Kaskazini ya miaka ya karibuni yamekuja kulikabili swali hilo katika vyumba vyenye kila mashine. CLASSIC ya Ulaya mwaka 2022 na CLOVERS ya Marekani mwaka 2023, kila moja likiwa na wagonjwa zaidi ya 1,500, hayakuona tofauti ya vifo kati ya waliobaniwa maji na waliopewa zaidi. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba yamethibitisha madhara yaliyoonekana Afrika. Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa wake walikuwa wamekwisha pewa maji kiasi kabla ya kuandikishwa. Lililo wazi ni kwamba faida ya maji mengi, iliyofundishwa kama jambo lisilohitaji uthibitisho, haikuonekana humo pia.

Mwongozo wenye safu mbili

Mwaka 2020 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa tiba ya maambukizi makali kwa watoto. Mapendekezo yake kuhusu maji yamegawanyika kufuatana na mahali. Penye huduma ya chumba cha wagonjwa mahututi, mtoto apewe hadi mililita 40 hadi 60 kwa kilo katika saa ya kwanza, kwa awamu ndogo ndogo na kwa uangalizi. Pasipo na huduma hiyo, na msukumo wa damu ukiwa haujashuka, asipewe maji ya haraka. Pasipo na huduma na msukumo ukiwa umeshuka, apewe hadi mililita 40.

Waandishi wa mwongozo huo wana utetezi wa haki: walifuata ushahidi ulikotoka, na penye mashine hapakuwa na jaribio kama FEAST. Lakini ushahidi wa safu ya kwanza waliukadiria wenyewe kuwa dhaifu, ilhali pendekezo la safu ya pili la kutotoa maji ya haraka, lenye nguvu kuliko hilo la kwanza, limesimama juu ya jaribio kubwa. Hivyo tumefikia hali ambayo mtoto wa tajiri anatibiwa kwa ushahidi dhaifu na mtoto wa maskini kwa ushahidi imara, na bado ni wa kwanza anayehesabiwa kuwa amepata tiba kamili.

Mgawanyo huo pia unadhania kwamba huduma ama ipo au haipo. Utafiti uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa hao mahututi walikuwa katika wodi za kawaida. Baadhi ya wodi hizo zimo katika hospitali zenye chumba cha wagonjwa mahututi upande wa pili wa korido, chenye vitanda vilivyojaa. Tabibu wa zamu anayempokea mtoto usiku katika wodi kama hiyo, akiwa na chupa ya maji ya chumvi mkononi na kitanda cha chumba maalumu kisichopatikana hadi kesho, anapaswa kuamua mwenyewe mtoto huyo ni wa safu ipi.